Chumba cha Nne

Hapa Mikindani tunapiga kura kwa alfabeti.
A hadi J, darasa lenye picha ya ng'ombe ukutani.
K walizidi, wakapewa chumba chao:
Kilonzo, Karisa, Kariuki, Kazungu,
bara na pwani kwenye mlango mmoja
wakiulizana mwisho wa foleni ni nani.
Cha tatu ni L hadi N, na humo ni Mwa, Mwa, Mwa,
hata karani wake akirudi nyumbani ana kigugumizi.
Mimi nilipangiwa cha nne. O.

Bwana Otiato, wakala wa chama cha Kinu,
alifika alfajiri na chupa yake ya chai
na daftari la hesabu.
Alikwisha kuhesabu.
"Kinu, mia nne na kumi na mbili. Mzinga, nne:
Omar watatu, na Othman wa mafuta ya taa.
Hao nimewatoa, sina ugomvi nao."
Kisha akanitazama juu ya miwani:
"Nawe Nyevu, nimekuandika kwa mumeo."

Sajili nayo yasema hivyo: Oduor, Nyevu.
Nilizaliwa Charo. Ningebaki Charo
ningekwenda kwenye chumba cha ng'ombe,
na wakala mwingine, na daftari jingine,
angenitia Mzinga kabla sijachovya kidole.

Siku ikaenda. Mashine ikakataa vidole
vya mpakia saruji; akavipangusa kwenye suruali
mara tatu, kama anayebisha hodi kwake mwenyewe.
Mtoto mmoja mchanga alipita mikononi mwa mama watatu,
wote wakaruka foleni, na mtoto hakulia.
Mchana, zamu yangu ilipofika,
niliingia nyuma ya boksi la karatasi ngumu.

Jioni tukafunga mlango, tukamwaga debe.
Msimamizi akanyanyua moja moja kwenye taa:
Kinu. Kinu. Kinu. Kinu.
Ungedhani kweli kuna mtu anatwanga.
Mzinga wa kwanza, Otiato akatia alama.
Wa pili, wa tatu. Wa nne, akafunga kalamu.

Halafu wa tano.

"Hesabu tena." Tukahesabu tena.
Karatasi ikapita mkono kwa mkono.
Alama yake ilikandamizwa hasa,
kalamu ilitoboa, tundu dogo,
taa ikapenya pale.
Otiato hakunitazama hata mara moja.
Ndivyo nilivyojua ananishuku mimi.

Si mimi.
Nilitaka. Yule mama wa Mzinga
ndiye aliyekuja kuzibua mtaro wetu
na jembe, bila kamera.
Lakini nyuma ya lile boksi niliwaona wote:
mama mkwe, akina mama wa chama chetu cha mzunguko,
jirani anayeniazima jiko la gesi,
wote wamejibana na mimi mle ndani.
Nikatia Kinu.
Na hapakuwa na mtu.
Hilo ndilo linaloniuma, hapakuwa na mtu.

Nilifika nyumbani saa saba za usiku.
Oduor alikuwa macho, redio inanguruma,
yeye ambaye barazani humkatiza kila mtu
akisema O haigawanyiki.
"Mzinga walipata ngapi kwenu?"
"Tano."
"Tano?"
"Otiato alitarajia nne."
Akapunguza redio. Akanifunulia chakula.
"Labda Othman ameoa," akasema,
akaenda kunawa, akakawia huko bombani
na kidole ambacho wino wake hautoki leo.

Mezani aliacha kitabu chake cha risiti.
Hutengeneza mafriji; huandika nakala tatu kwa karboni,
na hukandamiza ili ya tatu isomeke.
Nikapitisha kidole nyuma ya ukurasa
taratibu, gizani,
mstari kwa mstari.